Uzi Mwekundu Kwenye Sura ya Sita

Watu wananipongeza kwa kitu ambacho ningekichoma moto kama ningejua nakala zake zote ziko wapi. Juzi, kwenye ngazi za posta, mwanamume mmoja nisiyemfahamu vizuri alinishika mkono akautikisa kwa nguvu. "Ndugu, ile sura yako! Hesabu za kijamaa! Tuliisoma semina nzima." Nikasema asante. Nikaenda hatua chache, nikasimama mbele ya sanduku la barua kama mtu aliyesahau anwani, nikijiuliza kwa nini nimesema asante. Ningeweza kumwambia kwamba sura ile ni uongo. Angeuliza uongo wa nini, nami ningehitaji saa nzima na ubao. Je, nilisema asante kwa kukosa ubao, au kwa woga? Niliigeuza hoja hiyo njia nzima hadi Mtoni, nikafika nyumbani na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa.

Naandika basi habari yenyewe, tangu mwanzo, ili atakayenipongeza tena nimpe karatasi hizi asome mwenyewe.

Mwaka juzi nilikuwa namalizia shahada ya pili ya hesabu katika chuo ambacho sitakitaja. Nilikaa Mtoni kwa dada yangu mkubwa, katika chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Dada alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani. Kutwa alisimama mbele ya meza yenye taa, kitambaa kikipita chini ya macho yake, akitafuta nyuzi zilizokatika na madoa ya mafuta. Alikuja Dar kutoka Masasi kabla yangu, akanisomesha kwa macho hayo. Mimi sehemu yangu ilikuwa moja tu: nimalize, nipewe kazi ya mhadhiri msaidizi, na pamoja na kazi ile nyumba ya chuo upande wa Kawe. Nyumba yenye vyumba viwili na bomba ndani. Dada alikuwa ameshaamua pazia lile litakuwa la dirisha la jikoni.

Tasnifu yangu ilihusu jambo ambalo nikilieleza kwa haraka watu hutazama saa zao. Nitajaribu polepole. Chukua herufi x, na x mraba, na x ya tatu, na kuendelea bila kikomo. Zijumlishe ukizipa uzito mbalimbali, kwa namna ambayo karibu na sifuri jumla inatulia na kuwa kitu halisi. Jumla za namna hiyo zikikusanywa zote zinafanya aljebra: unajumlisha, unazidisha, unabaki humo humo. Sasa, ziko njia za kuipanga upya aljebra nzima bila kuharibu kujumlisha wala kuzidisha. Palipo na x unaweka jumla nyingine, na kila kitu kinafuata. Njia nyingine huja kwa familia, moja ikitiririka hadi nyingine, kama kuzungusha gurudumu: zungusha kidogo, zungusha tena, mizunguko miwili inafanya mzunguko. Swali langu lilikuwa hili. Familia kama hiyo inaweza kuwa na miendo iliyopinda sana. Je, inawezekana kubadili vipimo vyetu, tuchague x nyingine, na ghafla miendo yote ikanyooka, kila mmoja ukizidisha x kwa namba tu?

Jibu ni ndiyo, kama familia ni fumbatifu, yaani imefungika kama gurudumu, ukienda sana unarudi ulikoanzia. Mbinu yake ni nzuri mno. Unachukua x yako, unaipitisha katika kila mwendo wa familia, unairudisha, unajumlisha matokeo yote na kuyagawa sawasawa. Huo wastani ndio x mpya. Kupinda kote kunamezwa na kugawana. Mbinu hiyo si yangu, ni ya zamani. Kazi yangu ilikuwa kuitumia kwa aina fulani za aljebra ambazo mwalimu wangu aliona hazijaguswa vya kutosha. Ilichukua sura tano.

Nilipomweleza dada alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mchele.

"Inaliwa?" akauliza.

"Hailiwi."

"Inavaliwa?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Mie nimefundishwa kuuliza kitambaa ni cha nini kabla sijakikagua."

Mwalimu wangu, mgeni kutoka Ulaya, alisoma zile sura tano, akasahihisha kwa penseli, mkataba wake ukaisha, akaondoka. Hakuna aliyebaki wa fani yetu. Tasnifu ikahamia mikononi mwa mtahini wa takwimu na kamati ya chuo iliyokuwa inaangalia uhusiano wa kila kazi na jamii. Ilikuwa miaka ya baada ya Azimio. Sikuwa na ugomvi na kuulizwa kazi yangu ina faida gani kwa watu walionilipia kusoma. Hilo niliandike wazi, maana wako watakaosema nilikuwa napinga. Niliona ni swali la haki. Hasira yangu ni kwa namna lilivyoulizwa, na kwa namna nilivyolijibu.

Katibu wa kamati alinipokea ofisini na tasnifu mezani, imefunguliwa ukurasa wa tatu. Alikuwa mtu nadhifu, suti ya mikono mifupi imepigwa pasi, sauti ya upole. Nilikuwa nimejizoeza njiani jinsi ya kusalimia, kama niseme shikamoo au habari za kazi, kwa kuwa alikuwa amenizidi umri lakini si sana. Nikasema vyote viwili.

"Ndugu," alisema, "nimejaribu kusoma. Si fani yangu. Lakini naona neno moja kila mahali. 'Kama.' Kama familia ni fumbatifu. Kama hivi, kama vile. Kwa nini?"

"Ni sharti, ndugu katibu. Bila hilo sharti siwezi kugawa."

"Kwa hiyo nadharia yako ni ya baadhi tu."

"Ya familia zilizofungika."

"Na zingine?"

"Zingine sijui."

Alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimekiri uvivu. "Unaona, hapa ndipo wasomi wetu wanapokwama. Nimesikia kwamba mbinu yenyewe ni kukusanya na kugawa sawa. Hiyo ni safi kabisa! Hiyo ni siasa yetu! Halafu unaiwekea masharti, inawafaa wachache. Nenda, ondoa masharti. Halafu utuandikie sura moja kwa Kiswahili, mchango wa kazi hii kwa jamii. Sura yako itapita vizuri sana."

Nilijua majibu kumi na moja nilipofika kituo cha basi. Pale ofisini nilisema, "Nitajaribu."

Nilirudi Mtoni nikiwa nachemka. Nilimchukia kwa sababu alizungumza juu ya kitu asichokijua kwa utulivu ambao mimi sijawahi kuwa nao hata juu ya vitu ninavyovijua. Na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo nililiona baadaye sana: nilitaka kumwonyesha. Nilitaka kumtupia mezani nadharia isiyo na sharti hata moja, aone. Kwa wiki tatu nilikaa uani, mgongo ukutani, ubao wa kufulia mapajani ukiwa meza, nikaandika sura ya sita. Familia isiyofungika ni kama barabara, haikurudishi popote. Basi nikasema: nitachukua kipande cha barabara, kutoka hapa nyuma hadi pale mbele, nitapata wastani wa kipande hicho. Halafu nitarefusha kipande pande zote mbili, bila kikomo, na wastani utatulia. Nilikagua hatua ya kwanza. Upande wa hasi ulifuta upande wa chanya, safi kama sahani iliyooshwa. Nikaandika maneno ambayo nayaona hadi leo nikifumba macho: "na vivyo hivyo kwa hatua zinazofuata."

Mimi! Mtu ninayerudi mara tatu kuangalia kama mlango nimeufunga. Mtu niliyewahi kushuka kwenye basi kwa kudhani nimeacha jiko linawaka, na jiko halikuwa limewashwa tangu jana yake. Siku ile sikukagua.

Kisha nikaandika sura ya saba, kwa Kiswahili, kwa kejeli tupu. Niliandika kwamba x aliyepinda na x aliyenyooka wanaweka mavuno yao mahali pamoja. Niliandika kwamba hakuna mwendo unaoachwa nje ya mgawo, na kwamba hesabu ya kibepari ilikuwa na masharti, lakini hii haina. Nilikuwa nacheka peke yangu uani. Nilidhani mtu yeyote mwenye akili ataisikia kejeli na kuona haya.

Waliipenda. Katibu aliniita, akasimama kunipokea. Mtahini wa takwimu aliandika nusu ukurasa, na maneno mengi yalihusu sura ya saba. Ilichapwa kwenye stensili, ikarudufiwa, ikapelekwa semina. Barua ikaja: tasnifu imekubaliwa, nafasi ya mhadhiri msaidizi iko wazi kwangu, na ombi la nyumba limepelekwa panapohusika. Dada aliisoma barua mara mbili, akaliondoa pazia, akalifua, akalianika.

Sasa nifike kwenye foleni.

Sukari ilikuwa imeadimika. Ikija, inaletwa kwenye duka la ushirika, na mjumbe wetu wa nyumba kumi ndiye anayesimamia mgawo. Watu walishazoea kuweka vitu kushika nafasi zao kwenye foleni: jiwe, kopo, kandambili iliyokatika. Jiwe la dada lilikuwa kipande cha tofali chenye rangi ya bluu upande mmoja, kila mtu alilijua. Ila sheria ilikuwa kwamba mgawo ukianza, jiwe lisilo na mwenyewe linapigwa teke pembeni. Kwa hiyo Jumamosi ile dada alinituma nikasimame na jiwe lake asubuhi, naye akaenda kiwandani.

Mjumbe alipanda juu ya kreti, mzee mwenye sauti kubwa na moyo mweupe. "Kila kaya itapata! Sawa kwa sawa! Kilo moja moja!"

Watu wakapiga makofi. Habari hiyo ikatembea haraka kuliko mjumbe mwenyewe alivyodhani. Kabla hajafungua gunia, foleni ilikuwa imepinda kona. Akahesabu kwa kidole, akakohoa. "Nusu kilo nusu kilo!" Wakaja wa mtaa wa pili. "Robo! Robo kila kaya!"

"Mjumbe, kufika saa sita tutakuwa tunalamba kijiko kimoja kimoja!" alipiga kelele mtu nyuma, na foleni nzima ikacheka.

"Hakuna atakayeachwa! Kila mwananchi ana haki!"

"Haki anayo, sukari hana!" Huyo alikuwa mama muuza maandazi, jirani yetu, aliyesimama mbele yangu, beseni tupu kichwani. Sukari kwake ilikuwa kazi, si chai. Alivuka mstari, akaweka mikono kiunoni. "Baba, funga foleni kwanza ndiyo ugawe! Watu bado wanakuja, we unagawa sawa kwa nani? Kwa upepo?"

"Mama nawe, una roho mbaya!"

"Roho yangu nzuri. Hesabu yako ndiyo mbaya. Weka mtu mwisho pale, aseme huyu ndiye wa mwisho. Wa leo wapate, wengine kesho. Ukiacha wazi, sie tuliokuja alfajiri na yule anayekuja saa hizi, wote tunapata sifuri. Hiyo nayo ni sawa kwa sawa!"

Foleni ilicheka tena. Mimi sikucheka. Kila mtu aliyeongezeka mwisho alibadilisha fungu la kila mtu aliyetangulia. Mgawo haukuwa unatulia. Nani alikuwa ameniambia kwamba wangu, ule wa sura ya sita, unatulia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, hatua ya kwanza, halafu nikaandika vivyo hivyo.

Niliacha jiwe. Nilikimbia nyumbani.

Ilinichukua muda mfupi, na hilo ndilo linaloniumiza. Wiki tatu kutengeneza uongo, robo saa kuubomoa. Chukua familia moja rahisi kabisa, ambayo mwanafunzi yeyote angeiona: x inakwenda kuwa x gawanya kwa moja toa t mara x, na t ni namba yoyote, barabara isiyo na mwisho. Ifungue. Inakuwa x, jumlisha t mara x mraba, jumlisha t mraba mara x ya tatu, na kuendelea. Hatua ya kwanza ina t, na hasi inafuta chanya. Hapo ndipo nilipokagua. Hatua ya pili ina t mraba, na mraba haujui hasi. Haufutwi na kitu. Ukirefusha barabara, wastani hautulii, unavimba. Na eneo ambamo jumla zile zinatulia linafinyika kuelekea kwenye sifuri, mpaka huna mahali pa kusimama.

Nikajaribu kujiokoa. Labda mbinu ndiyo mbovu, nadharia ni nzima? Hapana. Ukitazama mwanzo wa kila mwendo katika familia ile, unaona x tupu. Yaani kama ungeweza kunyooshwa, ungebaki mwanzo huo tu, x mara moja, ungekuwa hausogei hata kidogo. Lakini unasogea. Basi haunyoosheki, si kwa mbinu yangu wala ya mtu mwingine yeyote. Sharti halikuwa uvivu wala ubinafsi. Sharti ndilo lililokuwa linashikilia nyumba.

Dada alirudi jioni, akakuta jiwe lake pembeni ya duka, limepigwa teke. Alilibeba hadi nyumbani.

"Sukari iko wapi?"

"Dada, sura ya sita ni ya uongo."

"Nimekuuliza sukari."

Jumatatu nilikwenda kwa katibu na ukurasa mmoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, kama kawaida yangu, nikipanga sentensi. Nilipofika sikutumia hata moja. Niliweka karatasi mezani nikasema, "Kuna kosa."

Aliitazama kwa adabu. "Wapi?"

"Sura ya sita yote. Na sura ya saba, kwa sababu imesimama juu ya sita."

"Mtahini ameona?"

"Hapana."

"Nani mwingine anajua?"

"Mie na wewe."

Alivua miwani, akaifuta. "Ndugu, mimi sijui. Nimeona karatasi yenye herufi. Kwa hiyo ni wewe tu." Aliniambia hayo kama zawadi. "Sikiliza. Kijana akimaliza safari ndefu anapata hofu, ni kawaida. Nenda nyumbani upumzike. Mahafali ni karibu."

"Nataka niitoe. Niandike upya, nirudishe sharti."

"Sura ya saba imeshasambazwa."

"Ndiyo maana."

"Ndugu." Sauti yake ilianza kupoteza upole. "Sura ya saba watu wameielewa, na imewatia moyo. Walimu, makarani, watu wa vijijini wameisoma. Unataka nikawaambie nini? Kwamba kugawana sawa hakufanyi kazi?"

"Kunafanya kazi! Kunafanya kazi ukijua unagawana na nani! Hilo ndilo nililolithibitisha, sura tano nzima, na hakuna hata mmoja wenu aliyezifungua!" Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama lini. "Uliniambia niondoe sharti. Ulisema ni la wasomi waliokwama. Mama anayeuza maandazi Mtoni analijua hilo sharti!"

"Nilikuambia uondoe kama inawezekana."

"Hukusema kama."

Na hapo hapo niliona jambo ambalo lilinizidishia hasira badala ya kuipunguza: alikuwa amekosea kwa nia njema, katika jambo asilolijua, na mimi nilikosea katika jambo ninalolijua, kwa sababu ya kiburi. Yeye hakuandika "vivyo hivyo". Mwandiko ni wangu.

"Ukiitoa," alisema mwishowe, "unaahirishwa mwaka. Nafasi haiwezi kukungoja. Nyumba pia. Fikiri."

Kumwambia mtu kama mimi afikiri ni kama kumwambia samaki alowe. Nilijua kwamba nikiondoka pale kufikiri, nitafikiri mpaka mahafali yapite. Nikaomba karatasi, nikaandika barua pale pale, nikasaini, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Nilipomweleza, dada hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Kuna mtu alikukamata?" aliuliza.

"Hapana."

"Kuna mtu angekuja kukukamata?"

"Sijui. Labda asitokee kamwe."

"Kwa hiyo umejikamata mwenyewe, ukajishitaki, ukajihukumu. Na mie nikiwa ndani ya gereza hilo hilo." Alilichukua pazia, lililokuwa limekunjwa vizuri juu ya sanduku, akalitundika tena katikati ya chumba. Alilitundika polepole, pete moja baada ya nyingine. Kwa siku sita tulizungumza kwa sentensi za maneno matatu.

Siku ya saba, Jumapili, alikuja uani nilipokuwa nafua. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Hebu nionyeshe lilipo hilo kosa. Kwa kidole."

Nilileta tasnifu, nikaifungua sura ya sita, nikaweka kidole kwenye mstari. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa, akiwa amesogeza kichwa pembeni kidogo.

"Sentensi hii tu?"

"Hiyo tu. Lakini yote iliyofuata imefumwa juu yake."

"Kiwandani, jora likiwa na kasoro, msimamizi hataki nilikate, maana anataka mita zifike. Ananiambia pitisha. Siwezi kulizuia, mie ni mkaguzi tu. Unajua nafanyaje?" Hakungoja nijibu. "Nafunga uzi mwekundu kwenye ukingo, pale pale penye kasoro. Jora linaondoka, lakini fundi atakayelikunjua ataona uzi unaning'inia, atajua akate wapi. Hawezi kusema hakuambiwa." Akafunga tasnifu. "Wameitoa kwenye maktaba yao?"

"Hawajaitoa. Wanasema nakala ni mali ya chuo."

Aliingia ndani, akarudi na kipande cha uzi mwekundu kimezungushwa kwenye kijiti cha kiberiti. "Bado nimekukasirikia," alisema. "Usidhani."

Nilikwenda maktaba siku ya Jumatano. Nakala yangu ilikuwa rafu ya chini, jalada la bluu. Nilitoboa ukurasa kwa sindano, kwenye ukingo kabisa, sambamba na ule mstari, nikapitisha uzi, nikafunga fundo kama dada alivyonionyesha, ncha ikaning'inia nje ya kitabu. Ndani niliweka ule ukurasa wangu mmoja.

Mkutubi, mwanamke wa makamo, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo," nilisema, kwa mshtuko.

"Marahaba. Unakiharibu kitabu, mwanangu?"

"Kimeshaharibika, mama. Natia alama."

"Cha nani?"

"Changu."

Alitazama jina jaladani, akanitazama mimi, akarudi mezani kwake. Mpaka leo sijui kama alikubali au alidhani nina wazimu, na nimefikiria pande zote mbili mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nyumba ya Kawe alipewa mwingine. Mimi nafundisha kidato cha pili huku huku Temeke, darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na mchana nikirudi naandika upya. Sura tano ziko vile vile. Ya sita sasa ni fupi: sharti limerudi, na ile familia rahisi imewekwa hapo kuonyesha kinachotokea ukiliondoa. Ya saba sijaiandika. Kamati bado inaidai. Nitaiandika siku nitakapoweza kuandika juu ya kugawana bila kumkejeli mtu, na siku hiyo haijafika.

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia. Uzi upo, umefifia kidogo. Kurasa za sura ya saba zimechakaa pembeni, zina alama za vidole na doa la chai. Za sura ya sita, isipokuwa ule mmoja niliotoboa mimi, bado zimeshikana kwa gundi kama zilivyotoka kwa mfunga vitabu, hakuna aliyezifungua. Nilijaribu kuzitenganisha kwa ukucha. Halafu nikaacha. Nikarudisha kitabu rafuni, ncha ya uzi ikitazama nje.